Nani Aoshwe Miguu Litumbi

Sogeeni karibu, na mwenye haraka aondoke sasa hivi, maana hadithi hii ikishakuingia hutapata usingizi. Mimi nimeigeuza huku na huku mpaka nimechoka, ndiyo maana leo nawatupia ninyi.

Huko Litumbi, juu milimani, mahali ambapo Ziwa Nyasa unaliona lakini kulifikia ni kazi, kulikuwa na watu watatu, kila mmoja kajaliwa lake. Otmar, dereva wa bodaboda, alijaliwa miguu na mabega. Njia iliyowashinda wengine yeye aliipita. Mzee Engelbert Komba alijaliwa moto. Kuni zilizowatoa wenzake machozi, kwake ziliwaka. Na Kandida, muuza maandazi, alijaliwa pua. Alikuwa akipita nje ya nyumba yako, anajua umeunguza nini.

Wa nne ni Osmunda, mama mzazi wa Otmar. Huyu alijaliwa uenyekiti wa kamati ya chakula kanisani, na ndio uliomponza.

Kila mwaka, Ijumaa ya mwisho kabla ya Jumapili ya Matawi, waumini wa kigango cha Mtakatifu Andrea hufunga tangu asubuhi, husali Njia ya Msalaba saa tisa, kisha huketi uwanjani kula samaki wa kukaanga pamoja na wageni wa vigango jirani. Na wana desturi yao. Alhamisi Kuu paroko huosha miguu ya watu kumi na wawili. Kumi na mmoja huchaguliwa na jumuiya. Wa kumi na mbili hutajwa siku ya samaki, naye ni yule ambaye bila yeye watu wasingekula. Mwenyekiti wa chakula ndiye anayemtaja, mbele ya wote, paroko akiwa ameshika kalamu.

Mwaka huo mambo yalikwenda mrama tangu alfajiri. Mvua ilinyesha kama imetumwa, na gari lililobeba samaki kutoka ziwani likanasa kwenye tope mlimani. Habari zikafika kijiweni kwa waendesha bodaboda. Wenzake wakaangalia mawingu, wakavuta makoti yao. Otmar akawasha pikipiki bila kutumwa na mtu. Ilipomshinda aliiacha kwenye majani, akashuka kwa miguu, akajitwika begani tenga la mbasa, samaki wa ziwani, na kupanda nalo kilima chote. Alilibwaga mlangoni pa jiko la kanisa, akageuka kwenda zake. Ndani hakuingia.

Mtaniuliza kwa nini. Miaka mitatu nyuma, Osmunda alisimama mbele ya jumuiya akasema kwamba kinanda cha kwaya kimeharibiwa na mwanawe. Baadaye ikaonekana ni paa lilivuja. Watu wakanyamaza, na Osmunda akanyamaza kuwashinda wote. Otmar alisema neno moja tu, akaacha kusali: "Mama, siku utakayoniita kwa jina langu mbele ya watu, kama ulivyonitaja siku ile, nitarudi." Tangu hapo Osmunda hupiga magoti kanisani akitazama benchi la kwaya alipokuwa akikaa mwanawe, na sala haiendi.

Samaki wamefika, sasa moto. Kuni zote zilikuwa zimelowa chepechepe. Wanawake walipuliza mpaka macho yakawa mekundu, moshi ukajaa jikoni na mafiga yakabaki baridi. Mzee Engelbert alizigusa kuni zile, akatikisa kichwa, akaenda nyumbani kwake. Alirudi amebeba mbao sita kavu, safi, zilizopigwa randa. Kila mtu Litumbi alizijua mbao zile. Mzee alikuwa amezihifadhi darini miaka minane kwa ajili ya jeneza lake. Osmunda alimzuia, akamwambia heri watu walale na njaa. Mzee akazipasua kwa shoka huku akimtania kwamba amechoka kulala akizitazama. Kisha akaacha utani.

"Mwakani sidhani kama nitakuwepo, Mama Otmar," alisema. "Ningependa miguu hii ioshwe mara moja kabla hawajaiosha wale wa kuniandaa."

Moto umewaka, likabaki la mafuta. Osmunda alikuwa ametoa ndoo yake mwenyewe, akaimimina kwenye karai kubwa. Kandida alikuwa akipita na beseni la unga, akasimama ghafla. Pua ikamcheza. Akainama, akanusa, akamvuta Osmunda pembeni.

"Mama Otmar, haya si yale ya Krismasi? Mlikaangia nguruwe."

Osmunda akainama, akanusa naye. Ndiyo, ndiyo yale. Aliyachuja, akayaweka, akasahau. Watu mia wamejinyima nyama Kwaresima nzima, halafu mwenyekiti wao awalishe harufu ya nguruwe siku ya Ijumaa, na wageni wakiwepo! Angeiweka wapi sura yake? Kabla hajafungua kinywa, Kandida alikwishajikwaa kwa makusudi, karai likapinduka, mafuta yote yakaenda mchangani. Wanawake wakamwakia. Wakamwita mzembe, mwenye mkosi, wakamfukuza jikoni. Akaenda bila kujibu, akarudi na dumu lake la mafuta mapya, yale ya maandazi ya wiki nzima, akaliweka chini. Wakapokea dumu, wakaendelea kumsema.

Basi watu wakala. Mbasa walikuwa wakavu nje, laini ndani, na ugali ulikuwa wa moto. Uwanja mzima ulilamba vidole isipokuwa Osmunda. Yeye alizunguka meza hadi meza akipanga sahani zilizokwisha kupangwa, akikaa na kuinuka, samaki wake akipoa. Pale mbele Mzee Engelbert alikuwa amekwisha kuvua viatu, anapangusa tope vidoleni kwa kitambaa. Kule nyuma Kandida alisugua karai peke yake, na mama mmoja alipompita alimwonya asije akalipindua tena. Na langoni, nje ya uzio, Otmar alikuwa ameketi juu ya pikipiki yake aliyoifuata kwenye majani, mguu mmoja kwenye kiki. Hakuingia, wala hakuondoka.

Osmunda akimtaja mwanawe, watasema amempendelea wa tumboni mwake. Akimtaja Mzee, hakuna atakayemlaumu, ila pikipiki itaondoka, na Mungu ndiye ajuaye kama itarudi. Akimtaja Kandida, watu watauliza kwa nini mzembe huyu, na itambidi aseme mbele ya wageni ndoo ile ilikuwa ya nani na ilikaangia nini.

Paroko alifungua daftari. "Mama Otmar, mvua inarudi. Nipe jina."

Osmunda akasimama. Pale langoni, pikipiki ikawashwa.

Ninyi mliokula na kushiba hadithi hii, msiangalie chini. Pasipo samaki, pasipo moto, pasipo mafuta safi, hakuna ambaye angekula. Kiti kilichobaki ni kimoja. Mdomo wa Osmunda umefunguka na jina halijatoka. Je, ungekuwa wewe, ungemwita nani?