Kerezo Halina Mkwe

Kerezo halina mkwe. Ndivyo shangazi yenu alivyomwambia yule bwana arusi aliyeinamia mashine ya kusaga huku shali lake likining'inia, nanyi mkacheka bila kujua mnachekea nini. Basi sogeeni. Neno hili lilianza hivi.

Palikuwa na fundi akiitwa Mshamu, mkereza miguu ya vitanda. Kerezo lake lilikuwa la kukanyaga: mguu unasukuma ubao, ubao unazungusha gurudumu zito, gurudumu nalo linazungusha mti mbele ya patasi. Likishika kasi lilivuma kama nyuki walioshiba. Maranda yalijikunja, yakapaa, yakatua polepole, na Mshamu akajiona naye anaelea humo, katika vumbi la rangi ya asali. Mkewe, Siwema, akimwita kula, aliitika "naam" bila kujua ameitwa na nani.

Lakini kwa mavazi hakuota. Alivaa fulana ya kubana, kaptura, ngozi ya mbuzi kifuani ya kukinga vibanzi, na kitambaa puani. Majirani walisema anafanana na mwizi wa kuku aliyetubu.

Ndipo akaja Bi Tatu, mama yake Siwema. Siwema alikuwa mtoto wake wa pekee, na siku ya posa Bi Tatu alisema wazi, "Nikimkuta mwanangu na mtu asiye na adabu, narudi naye."

Mshamu alikosa usingizi. Atamwonyeshaje mkwewe magoti? Kulipokucha akavaa kanzu ya Idi, pana, yenye mikono ya kuficha kuku wawili.

"Utakereza na hiyo?" Siwema akamuuliza.

"Mama yako atakuja kutazama kazi."

"Mama yangu ana macho tu. Kerezo lina meno."

"Niache, mke wangu. Nisije nikaachwa mimi."

Bi Tatu akaketi kwenye mkeka karakanani, akaridhika: mkwe mweupe pepepe kama sufi. Kerezo likavuma. Bibi akaanza kusinzia. Mshamu naye akazama, akawaona watoto ambao hawajazaliwa wamelala juu ya kitanda alichokuwa akikikerezea miguu, wanapumua pamoja na gurudumu.

Mkono wa kanzu ukateremka, ukagusa mti.

Mti ukaudaka, ukauviringisha kama mtu anayekunja jamvi, ukaanza kumvuta Mshamu. Akaondoa mguu, lakini gurudumu zito halisimami kwa kuombwa. Vidole vikakaribia.

Bi Tatu akazinduka. Aliruka, akaishika kanzu shingoni kwa mikono miwili, akaipasua mpaka chini. Mshamu akachomoka kama ndizi iliyomenywa, akaangukia kwenye maranda. Kanzu ikabaki inazunguka peke yake, taratibu, taratibu, mpaka ikachoka.

Mshamu akatazama vidole vyake. Vyote vipo. Kisha akajitazama mwenyewe, akaona kilichobaki ni bukta.

"Mama, niwie radhi," akasema, akijifukia kwa maranda. "Nilivaa kwa heshima yako."

"Heshima nimeiona," akajibu Bi Tatu, uso kaugeuzia ukutani. "Na mengine nimeyaona. Kavae nguo zako za kazi, baba. Mimi nitajua kuwa wewe ni mkwe wangu hata ukivaa gunia. Hilo dude lako ndilo halijui."

Siwema alisimama mlangoni, roho mkononi, akingoja kuambiwa afunge mizigo. Mama yake akamwomba sindano. Kwa mabaki ya kanzu akashona kizibao cha kubana, kisicho na mikono, akamvalisha Mshamu mwenyewe, akivuta huku na huku kuona kama kuna kinachopepea.

Akakaa hapo mwezi mzima. Kila aliyeingia na shali au kilemba kirefu, awe tajiri awe shehe, alimzuia mlangoni.

"Jifunge kwanza, bwana. Kerezo halina mkwe."