Kwa Nini Maji ya Komamanga Hutia Doa

Sogeeni karibu. Anayetaka hadithi ya kucheka aende kwingine, maana hii nikiisimulia hukasirika mpaka leo, na aliyetendewa ubaya wala si jamaa yangu.

Zamani hizo komamanga halikuwa hivi mlijuavyo. Ganda lake lilikuwa jembamba kama la kitunguu, na ndani hamkuwa na punje wala utando. Mlijaa maji matupu, maangavu kama ya dafu. Ulitoboa kwa ukucha, ukanywa, basi. Tunda halikumchagua mtu. Mwema alikunywa na mwizi alikunywa.

Katika mji wa Shungi palikuwa na mikomamanga saba kando ya kisima cha watu wote, na ada yake ilikuwa moja tu: mzazi aliye ndani ya arubaini, zile siku arubaini baada ya kujifungua, ndiye anywaye kwanza. Akishatosheka yeye, ndipo wengine waje na vyombo vyao. Aliyeisimamia ada hiyo ni mkunga wa mji, Mwanamize binti Faki, mwanamke mfupi, mkali wa maneno, na fundi wa kupika. Yeye ndiye aliyegundua kwamba nyama ngumu ikilazwa kwenye maji ya komamanga hulainika, na mchuzi wake hupata ukali mtamu ambao ndimu haina. Hakuuficha ujuzi huo. Aliwafundisha wanawake wote wa Shungi, wakiwemo wapishi wa Diwani, mtawala wa mji, na baadaye alijilaumu kwa hilo kuliko alivyomlaumu mtu mwingine.

Binti yake wa pekee, Mwatima, alijifungua mtoto wa kike makomamanga yakiwa ndiyo kwanza yanaiva. Alitokwa na damu nyingi mno. Uji aliutapika, supu ya kuku aliitapika, hata maji ya kisimani hayakukaa tumboni. Kilichokaa ni maji ya komamanga tu. Mama yake alimnywesha kijiko kwa kijiko, na siku ya tatu midomo ya Mwatima ikaanza kurudi rangi. Akaomba aletewe mtoto amtazame vizuri. Mwanamize alijua kwamba akipata siku kumi nyingine za kunywa, mwanawe atasimama.

Siku ya nne asubuhi alikwenda kisimani na bakuli lake, akaikuta miti imekwanyuliwa. Yamebaki mabichi tu. Diwani Shekue alikuwa anamwoza mwanawe wa kiume siku hiyo. Zizini alikuwa na mafahali wanono, lakini ubahili ulikwisha kumwingia mifupani, kwa hiyo akachinja ng'ombe wazee waliokwisha meno, kisha akaamuru nyama yao ilainishwe kwa makomamanga ya mji mzima. Ada ya mzazi aliijua. Aliinyonya pamoja na maziwa ya mama yake, mshenzi yule.

Mwanamize alikwenda kwake moja kwa moja, bila kubisha hodi. Alikuta masufuria yamejaa nyama iliyolowa, na maji yake yamekwisha kuchanganyika na damu mbichi. Lakini pembeni palikuwa na mtungi mmoja wa maji masafi ya komamanga, umewekewa wageni wateremshie pilau. Akaomba bakuli moja kutoka mtungi huo. Aliomba kwa adabu, yeye ambaye hakuzoea kuomba.

"Bi mkubwa, mwanao ni mmoja, wageni wangu ni mia mbili," Diwani akamjibu. "Mengine yataiva juma lijalo. Mwambie asubiri."

"Wageni wako wakikosa, watatafuna kwa shida," Mwanamize akasema. "Mwanangu akikosa, atakufa."

Diwani akaona anaaibishwa mbele ya wakwe. Akaagiza mama apewe kipande cha nyama ampelekee mgonjwa. Nyama, kwa mtu asiyeweza kumeza uji! Wapishi wakampa huku wameinamisha macho, wale wale aliowafundisha, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kuchota kikombe. Hao nao siwasamehe.

Mwatima alitapika kila alichopewa siku nzima, na alasiri akakata roho, ngoma ya arusi ikilia mtaa wa pili.

Mwanamize hakupiga yowe. Alimfumba mwanawe macho, akamkabidhi jirani yule mtoto, akaenda kisimani kwa hasira. Akasimama mbele ya mikomamanga.

"Mmekuwa wepesi mno," akaiambia. "Kila mwenye mkono aliwatoboa, nanyi mkamwagika. Jifungeni. Mwenye pupa aambulie uchungu, na aliyekunywa haki ya mgonjwa aonekane."

Miti ikasikia. Yale mabichi yakakaza maganda, yakajigawa vyumba ndani, na maji yakajificha punje kwa punje nyuma ya utando mchungu. Na kule arusini, maji yaliyokuwa maangavu yakageuka mekundu mahali popote yalipogusa. Mikono ya kanzu nyeupe, ndevu, vidole, kifua cha Diwani, vyote vikapiga wekundu. Walisugua kwa sabuni, wakasugua kwa mchanga, wakaanika juani. Doa likakaa. Mia mbili waliokula walirudi makwao na nguo zikiwasema.

Mwaka uliofuata mke wa yule bwana arusi alijifungua, naye akaanza kutapika. Diwani akaja mwenyewe mlangoni kwa mkunga, kofia mkononi. Mwanamize akaenda, kwa kuwa binti wa watu hakuwa na kosa. Lakini alimkalisha Diwani mkekani na kikapu cha makomamanga, amenye yeye, kwa vidole vyake. Alimenya tangu asubuhi hadi adhuhuri ndipo kikombe kimoja kikajaa. Maganda Mwanamize akayachemsha, yawe dawa ya tumbo la msichana. Msichana akapona. Wapo wanaosema siku hiyo Mwanamize alimsamehe Diwani. Waongo. Alinawa mikono akaenda zake kwa mjukuu wake, wala hakuzungumza na Diwani tena maisha yake yote.

Na tangu siku hiyo komamanga halinyweki kwa haraka. Ukiling'ata kwa pupa, utando wake utakukunja uso, na ukiliiba, nguo yako itakutangaza. Na kule Shungi, mpishi akionekana na vidole vyekundu jikoni, hata iwe arusi ya nani, lazima mtu amuulize, "Mzazi amekunywa?" Asipokuwa na jibu, sufuria huepuliwa, wageni wakae na njaa.