Msiba wa Nyegere Sokoni

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa na masikio?"
"Yapo, yametegwa!"

Hapo kale palikuwa na Nyegere muuza asali. Msicheke. Nyegere kuuza asali ni sawa na mimi kuachiwa nilinde sufuria ya ubwabwa. Lakini mvua zilikaribia, naye hakuwa na mbegu hata punje. Mkewe alishamwambia: bila mbegu, watoto watakula maneno yako.

Maneno alikuwa nayo. Kwao Mlimani hununui kitu kabla ya kujuliana hali. Nyumbani hawajambo? Wakwe je? Na goti la shangazi? Ndipo unaonja.

Akasikia Kivukoni wateja ni wengi kama siafu. Akabeba mtungi, akaenda.

Akaja Swala. "Wakwe hawajambo?" Swala akapanda mtumbwi. Akaja Ngiri. "Wakwe hawajambo?" Ngiri akapanda mtumbwi. Akaja Pundamilia. Wakwe hawajaisha, mtumbwi umeshaondoka!

Kicheche, muuza karanga wa pale, akamwambia hawa wana haraka, wape kijiko waonje, basi. Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho.

Soko likafungwa. Nyegere akarudi kwao na mtungi umejaa, lakini kichwa kimejaa zaidi. Kumbe kizuri chajiuza! Muoneni mwerevu wetu: dawa ya Kivukoni anaipeleka Mlimani.

Kesho yake akaja Kanga. Nyegere kimya, kijiko. Akaja Tumbili. Kimya, kijiko. Akaja Bibi Kobe. Kimya, kijiko. Wakatazamana. Nyegere hasalimii? Huyu kafiwa.

Mikeka ikatandikwa. Majirani wakaketi, wakalia, kila mmoja akaweka rambirambi miguuni pake: kibaba cha mbegu. Mbegu zilezile! Nyegere akameza mate. Angemtaja shangazi tu, shamba lingepandwa.

"Pole, mwanangu," akasema Bibi Kobe. "Nani katutoka?"

Jamani, ulimi ulimwasha. Lakini utamzikaje shangazi mbele ya watu wanaolijua goti lake?

"Bibi," akasema kwa aibu, "iliyotutoka ni akili yangu. Ilizama Kivukoni jana."

Wakacheka mpaka Kanga akaanguka mkekani. Kisha Bibi Kobe akasema mbegu wasirudi nazo, wabadilishane kwa asali. "Ila kwanza, nyumbani hawajambo?"

Nyegere akajibu, mkwe mmoja mmoja. Mbegu akapata, lakini mvua ilimkuta palepale, bado hajafika kwa shemeji wa mwisho.

Ngano imefika kizingitini. Utamu chukueni ninyi, uchachu nitalamba mimi.