Kuku Sita wa Bibi Tusajigwe

Kuku avaaye hadaiwi yai. Mmeisikia leo sokoni mkacheka, mkadhani kuku wa siku hizi nao wanachagua mitumba. Haya, kaeni vizuri, maana methali hii ilianza hivi.

Milimani Makete, ambako mwezi wa saba nyasi huamka zimeganda umande mweupe, aliishi Bibi Tusajigwe. Alikuwa mchapakazi, na mdomo wake ulichapa kazi kumzidi. Mwanawe alikuwa mbali akipasua mbao. Nyumbani Bibi alibaki na mkamwana wake, Atuganile, aliyekuwa na mtoto wa miezi miwili, na kuku sita aliowapenda kuliko wakwe.

Masika yote kuku hao walitaga kama waliopigiwa kengele. Kipupwe kilipoingia, ukungu ukawa unashinda mlangoni hadi saa nne, na jua likiwahi kujificha nyuma ya mlima. Mayai yakapungua. Mara matatu, mara moja, mara kiota kitupu.

Bibi hakuwa mtu wa kuhangaika na maswali. Kwake, kila kilichopungua kilikuwa na mdomo uliokila, na midomo yenye meno pale nyumbani ilikuwa miwili. Wake aliujua.

"Atuganile, kuku wangu hawajawahi kunitupa."

"Hata mimi sijakutupa, Mama."

"Mzazi ana njaa, naelewa. Lakini angeomba."

"Mama, tangu nijifungue umenipa jembe, yai hujanipa. Ningekuwa nayala, si ningenenepa?"

Jibu lilikuwa la kweli, ndiyo maana likamchoma. Bibi akamwambia arudi kwao akafundwe upya. Atuganile akafunga mtoto mgongoni, akaenda zake.

Kuku wakahamishiwa ghalani, chumba kisicho na dirisha. Bibi akapiga kufuli, ufunguo akauvaa shingoni. Sasa tuone!

Wiki ikapita, hata yai la dawa halikuonekana. Ya pili hivyo hivyo. Sasa alikuwa peke yake na ufunguo wake, na kila alipoinama kwenye kiota kitupu, mtu wa kushukiwa alikuwa amebaki mmoja tu. Nyumba ilikuwa kimya hata akatamani kilio cha mjukuu. Na mwanawe akirudi, ataambiwa nini?

Kwa hasira akamkamata kuku mmoja aliyekuwa amenyonyoka shingo. "Hutagi? Basi uliwe." Akamchinja. Kumnyonyoa ndiko kulikuwa kazi. Chini ya manyoya makuukuu mwili mzima ulikuwa umeota vinyoya vipya, vigumu kama vijiti, vimejaa damu. Akampasua. Mafuta hakuna. Ndani, mahali pa mayai, aliona vijiyai vingi, vidogo kama punje za ulezi.

Bibi akakaa kwenye kigoda, kisu mkononi. Kuku hakumpika. Alimtia kikapuni vile vile, akajifunga blanketi, akavuka milima miwili kwenda kwa wakwe zake.

Ndimbumi, mama yake Atuganile, alikuwa mlangoni akipepeta mahindi.

"Karibu, mkwe. Umekuja na kesi au na kitoweo?"

"Nimekuja na shahidi." Bibi akafunua kikapu. "Mwanao hakuiba. Nilimsingizia."

Ndimbumi akamgeuza kuku, akapapasa vile vinyoya, kicheko kikamponyoka.

"Masikini, alikuwa anavaa! Nguo za mwaka jana zimechakaa, baridi inauma, na mchana wa kudonoa ni mfupi. Hicho kidogo anachopata anakishonea koti. Yai alitoe wapi? Nawe ukamfungia gizani!"

"Nilidhani namfungia mwizi."

"Umemfungia fundi!"

Bibi akacheka bila kupenda. Kisha akachungulia ndani, ambako Atuganile alikuwa akinyonyesha karibu na moto. Mashavu yake yalikuwa yameanza kurudi.

"Mwanangu, nisamehe. Twende nyumbani."

Atuganile akamtazama mama yake. Ndimbumi hakuwa anacheka tena.

"Na huyu naye anavaa, mkwe. Uzazi umemvua nguvu zote, nawe ukamdai shamba la viazi kabla mifupa haijarudi mahali pake. Akirudi leo, utamdai nini?"

Bibi akakifunika kikapu chake.

"Sitamdai kitu. Mpaka aniombe jembe mwenyewe."

"Na mayai, Mama?" Atuganile akauliza.

"Yakianza, la kwanza ni lako."

Ndipo Atuganile akampa Bibi mtoto ambebe, akaanza kufunga mzigo.

Mwezi wa nane majirani wakamkuta Bibi Tusajigwe bondeni peke yake, matope magotini.

"Mama, una mkamwana ndani, na jembe unashika mwenyewe?"

Akajinyoosha, mkono kiunoni, akawajibu kama mtu aliyezaliwa akijua:

"Kuku avaaye hadaiwi yai."