Mfuko wa Ndani wa Kanzu

Leo sina mfano wa mkulima. Nimeona kila nikitamka "kulikuwa na mkulima", Mzee Mwinjuma anasogea kwenye nguzo, anaegemea, na kabla mkulima hajatia mbegu ardhini mzee wetu keshalala. Kwa hiyo leo ni fundi cherehani. Mzee, kaa sawa, huyu humjui.

Fundi huyu alikuwa akishona kanzu, na kazi yake ilikuwa safi. Alikuwa na mke na watoto. Alikuwa na dada yake wa tumbo moja, mkubwa wake, ambaye ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Na alikuwa na sigara, pakiti moja kwa siku tangu ujana. Sasa msigeuke kumtafuta mtu humu msikitini. Nimesema ni mfano.

Basi dada akaugua figo, zote mbili. Mara tatu kwa wiki anapelekwa hospitali kusafishwa damu, anarudi amechoka hata uji anautazama tu. Ndugu wakapimwa, aliyelingana naye akawa huyu fundi, naye akasema chukueni figo yangu moja. Hakuomba hata siku ya kufikiri, na hapo tumpe haki yake. Ila daktari akamwekea sharti. Aache tumbaku, mwili usafike, na kabla ya kupasuliwa atapimwa mkojo. Wakikuta nikotini, ile sumu ya kwenye tumbaku, hawamgusi, na dada atabaki kusubiri.

Fundi akaacha. Siku ya kwanza, ya pili, akafika ya tisa. Nyinyi mliowahi kuacha mnaijua siku ya kumi. Siku ya kumi uzi ulimshinda kupita kwenye tundu la sindano, mteja anamwangalia. Na nafsi, ndugu zangu, haikosi wakili. Nafsi ikamwambia: wewe umekatazwa moshi, hukukatazwa mvuke. Kuna ile sigara ya umeme, vijana mnaiita vepu. Ile si sigara, ile ni kidude.

Akaenda dukani, akakipima kidude kama apimavyo kitambaa. Alipewa viwili vitatu mkononi. Hiki kirefu, kitatokeza. Hiki kinavuja, kitanichafulia kanzu nyeupe. Hiki harufu yake itamfikia mke wangu mlangoni kabla yangu. Mwisho akapata kimoja kidogo, kinafichika kwenye kiganja, chaji inatoka alfajiri inafika isha, hakivuji, na kizuri zaidi hakitupwi. Kinajazwa. Unanunua chupa ya maji yake, unakijaza, kinakwisha, unakijaza tena. Akafurahi sana na hilo la kujazwa, akasema hapa nimepata kitu cha akili.

Muuzaji alikuwa akimtazama tu. Mwisho akamwuliza, "Bwana, wewe unatafuta cha kuvuta au cha kuficha?"

Fundi akageukia pochi yake. Alilipa akaenda zake. Lakini hebu na sisi tujiulize hapa, maana swali lile muuzaji hakumwuliza yeye peke yake. Katika sifa zote zile alizozipima, urefu, harufu, kuvuja, ngapi zilikuwa za kuvuta, na ngapi zilikuwa za kujificha?

Akafika kibandani kwake, akashusha kanzu yake mwenyewe, akaishonea mfuko. Si ule wa kifuani mnaoujua. Wa ndani, chini ya kwapa la kushoto, mdogo, saizi ya kile kidude haswa. Akaupiga mishono ya siri, mkono hauhisi. Nadhani katika maisha yake hakuwahi kushona kitu kizuri kama mfuko ule. Ile chupa ya maji akaifukia ndani ya kopo la vifungo, kwenye droo ya cherehani. Akavaa kanzu, akajitazama kwenye kioo, hakuona kitu. Mjanja kweli, fundi wetu. Alifikiria kila kitu, akasahau jambo moja tu, kwamba kanzu ile inafuliwa na nani.

Kina mama huko juu, nawasikia. Subirini kwanza.

Siku zikaenda. Daktari akampigia kuuliza kama ameacha, akasema nimeacha. Dada akamwuliza, akasema nimeacha, na dada yule, mikono imevimba kwa sindano, akaiinua akamwombea dua pale pale mbele yake. Fundi akaitikia amina. Halafu akatoka nje, akazunguka nyuma ya nyumba, akatia mkono kwapani.

Sikilizeni, mimi sikusimama hapa kumcheka. Yule alikuwa anampenda dada yake. Alikuwa tayari kutoa kiungo cha mwili wake, na kitu cha saizi ya kidole kikamshinda. Ndivyo tulivyo. Kubwa tunalibeba, dogo linatubeba. Usiku alikuwa akijiambia kesho nitaacha, na kesho ikifika anakitia kwenye chaji.

Kitu kimoja kilimfariji, kwamba kile kidude hakina ulaji. Chupa moja, miezi mitatu sasa, haijaisha! Akiichukua asubuhi anaona imepungua kidogo, wiki ijayo bado ipo. Akamsifu sana yule muuzaji moyoni mwake, akaona amepata kitu cha baraka. Ni kweli siku za karibuni alikiona hakina nguvu kama zamani, akadhani ni kifua chake kimezoea. Akawa anavuta zaidi.

Siku ya kupimwa ikafika. Mkewe akasema nitakwenda na wewe, akachukua mkoba wake wakaenda. Kule hospitali fundi akapewa kikopo, akaingia chooni, na mle mle chooni, mlango umefungwa, akavuta mara tano. Mtu anakwenda kupimwa tumbaku huku anavuta! Lakini ule ndio woga. Woga hautafuti dawa, unatafuta cha kushika. Akatoa kikopo, akarudi kukaa kwenye benchi pembeni ya mkewe. Alijua kinachokuja. Dakika chache tu daktari atatoka, atamwambia umetudanganya, na yeye atakwenda kumwambia dada yake kwa mdomo wake mwenyewe.

Daktari akatoka na karatasi. Akampa mkono, akampa pole ya kuacha maana anajua si kazi ndogo, akamwambia mkojo uko safi, hauna hata chembe, tupange tarehe.

Sasa, ndugu zangu, hapa naomba Mzee Mwinjuma aamshwe kama kalala.

Fundi amesimama, karatasi mkononi, inasema yeye ni msafi. Na kidude kiko kwapani, bado kina joto. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Usinijibu haraka, jibu kwa ndani. Mlango uko wazi. Daktari anacheka. Dada atapona. Anatakiwa kufanya jambo moja tu, kunyamaza. Wallahi wengi wetu tungesema alhamdulillahi, tukaondoka, na njiani tukasema Mungu ameficha aibu yangu.

Lakini fundi alikuwa mtu wa vipimo. Kipimo kikikosewa, kanzu nzima imeharibika, hilo analijua tangu alipokuwa mwanafunzi wa kazi. Akawaza: kama wamechanganya vikopo, si wanaweza kuwa wamechanganya na damu? Figo hii wanayosema inamfaa dada, ni yangu kweli? Wasije wakampasua dada yangu kwa karatasi ya mtu mwingine. Hapo ndipo hofu yake ilipogeuka. Mwanzo alikuwa anajihofia yeye. Sasa akamhofia dada.

Akatia mkono kwapani, akatoa kidude, akakiweka juu ya meza ya daktari mbele ya mkewe.

"Daktari," akasema, "mkojo huo si wangu. Mimi sijaacha. Nimevuta leo, hapo chooni kwenu, haijapita nusu saa. Nimekudanganya wewe, nimemdanganya dada yangu, na huyu mke wangu nimemdanganya kila siku. Nipime tena."

Daktari akampa kikopo kingine, na safari hii muuguzi wa kiume akasimama mlangoni. Wakapima. Wakasubiri. Karatasi ya pili ikaja, na ikasema vile vile. Hauna hata chembe. Daktari akaiangalia karatasi, akakiangalia kidude, akamwangalia fundi, akasema labda tumpime mara ya tatu.

Ndipo mkewe akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Daktari, msimpime tena mume wangu, mtamkausha. Huo ni wake."

Akafungua mkoba, akatoa chupa. Ni kama ile ya kwenye kopo la vifungo, rangi ile ile na harufu ile ile, ila hii imeandikwa kwamba haina nikotini. Kumbe yule mama alikwenda kwa muuzaji yule yule, akaomba maji ya kupunguza. Kila wiki fundi akivuta kidogo, mama anaongezea kidogo kwenye chupa yake, kama muuza maziwa anayeongeza maji. Kidogo kidogo, nikotini ikawa inapungua, chupa inajaa, hadi mwisho akaimwaga iliyobaki akatia hii tupu. Ndiyo ile baraka ya fundi! Na kufikia siku ile ilikuwa imetimia wiki ya sita anavuta mvuke mtupu wenye sukari.

Fundi akamgeukia. "Kumbe ulijua?"

"Kanzu nafua mimi," akasema. "Nilikuta mfuko mpya, umeshonwa vizuri kuliko kanzu yote, nikatafuta hadi nikafika kibandani kwenye kopo la vifungo. Nikasema kitu kinachotunzwa hivi, nikikivunja atatafuta kingine. Nikaona bora nikiache mfukoni, niitoe sumu ya ndani. Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Fundi akakaa chini. Si kwenye kiti, pale pale sakafuni, kanzu nyeupe na kila kitu. Akalia, halafu kicheko kikamtoka katikati ya kilio, na daktari naye akashindwa kujizuia. Wiki sita ni mtu huru, na kila usiku anautia mnyororo wake kwenye chaji! Ule mzigo uliomlalia kifuani miezi yote ukatoka pale sakafuni, akawa anapumua tu, anapumua, kama mtu aliyesahau kwamba hewa ni bure. Tarehe ikapangwa. Dada akapata figo, na mwisho wa mfano huu dada anakula pilau na kulalamika kwamba chumvi haitoshi. Alhamdulillahi.

Kina mama, mmecheka vya kutosha. Nawaambia mapema, mimi sijamruhusu mtu akatie kitu kwenye chai ya mumewe. Kesho nisije nikaletewa kesi.

Sasa tuje kwetu. Tangu mwanzo wa mfano mlikuwa mnangoja aaibike, na mimi pia. Lakini tazameni. Usalama alikuwa nao tangu karatasi ya kwanza. Angenyamaza, dada angepona vile vile. Ila yeye angetoka mlango ule akidhani bado ni mtumwa. Angerudi kwenye droo, angejaza, angeficha, angejichukia hadi kaburini kwa kitu ambacho kilikwisha kufa. Alikuwa amekwisha kufunguliwa, na kilichomwonyesha kwamba amefunguliwa ni lile neno moja zito, "Nimekudanganya."

Na sisi je? Mimi nina mfuko wangu wa ndani. Sitawaambia una nini, nyinyi si madaktari. Na kila mmoja wenu hapa ana wake, kaushona vizuri, mkono hauhisi. Tunaogopa kusema kwa sababu tunadhani tukisema ndipo tutafungwa. Nani kakwambia? Huenda wakati wewe unajificha, kuna rehema imekuwa ikitiwa humo kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, na hilo unaloliogopa halina nguvu tena juu yako, linangoja ulitoe tu ulitie mezani.

Tuinue mikono tuombe, na anayeomba asiogope kumshtua Mola wake. Yeye aliuona mfuko tangu tulipokuwa tunatunga uzi kwenye sindano, na bado anangoja tumwambie sisi.