Mbwa wa Mbonea

Mbwa hafungwi kwa ahadi. Mmemsikia shangazi yenu akimjibu hivyo fundi aliyesema tena kwamba atakuja kesho kuziba paa, mkaniuliza mbwa ameingiaje kwenye habari za paa. Basi sogeeni niwaeleze neno hilo lilivyozaliwa.

Huko milimani Upareni aliishi mkulima mmoja akiitwa Mbonea. Alikuwa mtu mwema, mwepesi wa kucheka, na mwepesi zaidi wa kukubali lolote aliloombwa. Alifuga mbwa mwekundu, akamwita Popote, kwa kuwa popote ulipopita ulimkuta. Nyumbani mbwa yule alikuwa mpole kama kondoo. Akivuka ua tu, alikuwa mnyama mwingine. Akikuta mzoga aligaagaa juu yake, kisha akaja kujikung'utia kwenye nguo za watu zilizoanikwa. Alifukua magimbi, alikunywa mayai ya kuku wanaoatamia, alibeba kiatu kimoja akaacha kingine. Siku moja aliingia katikati ya watu waliokuwa wakisali, akiburuta utumbo wa mbuzi.

Aliyeteseka zaidi ni jirani wa Mbonea, Nakunda. Kila alipokwenda kulalamika, Mbonea alijishika kichwa kwa aibu. "Nisamehe, dada yangu. Kesho namfunga." Wala hakuwa akidanganya; alipokuwa akisema, aliamini. Lakini kesho ilipofika alimkuta Popote amejikunyata kwenye jivu la jikoni, akamwonea huruma.

Mama yake Nakunda, Bibi Namsifu, alikuwa mfinyanzi. Mjukuu wake, binti wa Nakunda, alipoposwa, bibi alisema binti huyo hataingia kwa mumewe na vyungu vya kununua sokoni. Akafinyanga kimoja kikubwa cha makande na vidogo vya mboga, na kwenye ukingo wa kila kimoja akachora kwa kucha mistari yake, ambayo kijiji kizima kiliijua. Kabla havijakauka akaugua, na ugonjwa haukumwachia. Alizikwa vyungu vikiwa bado kivulini, havijaonja moto.

Matanga yalipokwisha, Nakunda akakusanya kuni za kuvichomea. Asubuhi akaenda kwa Mbonea.

"Kaka, leo navitoa vyungu vya mama vipate jua, jioni nivichome. Nakuomba umfunge Popote. Leo tu."

"Dada, kwa jambo hilo hata usinibembeleze. Namfunga sasa hivi."

Nakunda akarudi, akavipanga vyungu uani, akateremka kuteka maji moyo umetulia.

Mbonea alichukua kamba kweli. Ndipo akaitwa kwamba zamu yake ya maji ya mfereji imefika, na maharagwe yake yalikuwa yakinyauka. Akamtazama mbwa. Amelala fofofo. "Nitamfunga nikirudi," akajisemea. Akaiweka kamba chini, akachukua jembe.

Huku nyuma Popote akaamka, akashuka bondeni. Alirudi ametapakaa matope mpaka masikioni, mdomoni ana mguu wa ng'ombe aliyeoza, na mbwa wengine wanamfuata wakiutaka. Wakaugombania palepale uani kwa Nakunda. Na chungu kibichi, wanangu, hakihimili hata kiwiko cha mtoto.

Mbonea aliporudi alikuta majirani wamesimama uani kwa Nakunda. Nakunda alikuwa ameketi chini katikati ya vipande na uvundo. Hakuwa akilia.

"Dada," Mbonea akasema, "udongo huu haujachomwa. Ukilowekwa utafinyangika tena. Na mwingine nitaubeba mwenyewe nikuletee."

"Udongo upo, kaka. Mama hayupo."

"Nakuapia, nilitaka kumfunga. Kamba nilikuwa nayo mkononi."

"Najua. Hujawahi kunidanganya hata siku moja," Nakunda akajibu. "Lakini mbwa hafungwi kwa ahadi."

Hakupaza sauti. Mbonea alikuwa akisema baadaye kwamba afadhali angemtukana.

Siku hiyohiyo alimfunga Popote, na mbwa yule hakuonekana tena nje ya ua bila kamba. Mbonea alibeba udongo kutoka bondeni mpaka mabega yakachubuka. Nakunda aliupokea, akashukuru, akafinyanga vyungu vingine. Mistari hakuichora, alisema si yake. Binti akaolewa, akaenda navyo, na makande yaliiva humo kama yaivavyo katika chungu chochote.

Majirani wale hawakukosana. Walisalimiana, walizikiana ndugu, walisaidiana wakati wa mavuno. Ila Nakunda hakumwomba Mbonea jambo tena, hata dogo. Alipohitaji mtu wa kumsaidia, alipita mlangoni pake akaenda nyumba ya mbele, na Mbonea alimwona akipita.

Mpaka uzee wake, mtu akimshukuru kwa jambo ambalo bado hajalitenda, Mbonea alikuwa akimkatiza. "Usinishukuru bado," alisema. "Mbwa hafungwi kwa ahadi."