Majina Manne, Karakana Moja

Fisi hakushindwa na njia kwa sababu ya ujinga. Alisikia harufu ya nyama ikitoka kulia na nyingine ikitoka kushoto, naye alipofika njia panda akaona kuchagua ni hasara. Akapeleka miguu ya upande mmoja huku na ya upande wa pili kule, akaendelea hivyo hivyo mpaka akapasuka msamba. Anayetaka kufuata kila kinachomvutia kwa wakati mmoja hukosa hata kile ambacho tayari kilikuwa chake. Jambo hilo lilimfika fundi mmoja wa viatu, mwanamke mwenye akili zake timamu, na lilimfika mchana kweupe akiwa kazini kwake.

Watu walimwita Mama Soli. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la vioo, chenye dirisha la kuelekea uani na meza ya mbao iliyojaa chale za visu vya miaka kumi na sita. Ukutani zilining'inia kalibu, yale maumbo ya mbao yenye sura ya mguu ambayo mafundi hushonea viatu. Kalibu zake zilipangwa jozi jozi, lakini jozi zenyewe hazikufanana. Kulia ndefu, kushoto fupi. Kulia nyembamba, kushoto imevimba kama kiazi. Hiyo ndiyo kazi aliyoijua: viatu vya miguu ambayo maduka hayaijui. Mtu aliyeingia kwake akichechemea alitoka akitembea kwa mizani, na Mama Soli alisimama mlangoni akimsindikiza kwa macho mpaka akate kona.

Alifanya kazi na mshonaji mmoja tu, mwanamke wa makamo aliyebandikwa jina la Kimya. Huyo aliweza kumaliza siku nzima kwa maneno matatu, na mawili kati ya hayo yakawa salamu.

Wateja wa mbali walimpata Mama Soli kupitia tovuti. Alitengenezewa na mwalimu wa hesabu, mmoja wa wateja wake, naye mwalimu akaisajili kwa jina fupi: Hatua Njema. Kila asubuhi, kabla hajagusa nyundo, Mama Soli alifungua kompyuta yake, akasoma barua za wateja huku akinywa chai, kisha akanakili vipimo kwenye daftari. Hapakuwa na barua iliyolala siku mbili bila jibu.

Mambo yalianza kubadilika siku alipopita barabara kuu akaona duka jipya la viatu lenye ghorofa mbili na vioo vinavyong'aa. Ndani yake alikuwemo mteja wake wa zamani, anajaribu raba. Mama Soli alipita haraka asije akaonekana. Jioni hiyo alimsimulia mdogo wake wa kiume, mchapishaji wa vibao vya maduka. Huyu aliitwa Profesa, kwa kuwa hapakuwa na swali duniani lililoulizwa mbele yake likakosa jibu.

Profesa alifika karakana kesho yake na karatasi iliyojaa mishale.

"Dada, nimetafuta viatu vya watoto mtandaoni, sijakuona. Nimetafuta viatu vya wazee, sijakuona. Vya wakimbiaji, ndiyo kabisa. Wewe una mlango mmoja, wenzako wana mtaa mzima."

"Huo mmoja wenyewe nachoka kuufungua," alijibu Mama Soli.

"Unachoka kwa sababu unawaza kama fundi. Waza kama kampuni. Tunasajili majina mengine matatu. Vidole Vidogo, hiyo ya watoto. Mwendo Imara, ya wazee. Mbio, ya wanamichezo. Kila jina na tovuti yake, rangi zake, anwani yake ya barua pepe. Mteja akikukosa huku, anakukuta kule."

"Lakini mimi si ni yule yule?"

"Hapo ndipo utamu ulipo. Atakuona mara nne, atadhani soko zima ni lako."

Kimya alitoa sindano mdomoni. "Nani atajibu?" aliuliza, kisha akarudi kwenye ngozi yake.

Profesa alicheka akasema siku hizi mambo hujiendesha yenyewe. Mama Soli alizitazama kalibu zake, akalikumbuka lile duka la ghorofa mbili, akakubali.

Miezi miwili ya kwanza ilikuwa neema. Wateja walimiminika kutoka miji ambayo Mama Soli aliijua kwa kuisikia tu. Alimpigia Profesa simu akamwambia, "Mdogo wangu, kumbe yale maneno yako mengi yana mbegu ndani." Profesa alijibu kwamba alikuwa akimwambia hivyo tangu utotoni.

Lakini mzigo wa watu wanne haubebwi na kichwa kimoja. Kulikuwa na nywila nne za kukumbuka na visanduku vinne vya barua vya kufungua. Alipobadilisha jedwali la vipimo kwenye Hatua Njema, lile la zamani likabaki kwenye Mwendo Imara, na bibi mmoja akashonewa viatu vilivyombana kama koleo. Alipobadilisha namba ya simu, alikumbuka kuirekebisha kwenye tovuti mbili, zile nyingine akasema atazishughulikia kesho. Kesho ikazaa kesho. Ile chai ya asubuhi ikawa inapoa mezani, yeye anahangaika kutoka kisanduku kimoja hadi kingine, mpaka akaona afadhali afungue kile chenye barua nyingi na vingine avitazame akipata nafasi. Nafasi haikupatikana.

Kisha akapigiwa simu na mtu mwenye sauti ya ukali.

"Nakuonya tu, mama. Kuna watu wanaiba picha zako. Kiatu kile kile cha kahawia, chenye kovu lile lile karibu na kisigino, nimekiona kwenye tovuti nne zenye majina manne. Ama wameiba wao, ama wewe ndiye tapeli. Mimi nimeahirisha kununua."

 Kovu lile alilitia Mama Soli mwenyewe, kisu kilipomteleza. Katika miaka kumi na sita hakuna aliyewahi kumwita tapeli. Alitamani kumweleza yule bwana kwamba wote wanne ni yeye, lakini alipoyapanga maneno kichwani, yalisikika kama utetezi wa mwizi.

Jumanne moja, mwaka ukiwa umepita tangu majina yale yasajiliwe, yapata saa nne asubuhi, aliingia mwanamume mrefu aliyevaa ovaroli yenye matundu madogo madogo ya cheche. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mkono wa kushoto alimbeba mtoto mchanga wa miezi minne, na miguu yote miwili ya mtoto ilikuwa imefungwa plasta nyeupe kuanzia vidoleni hadi mapajani. Alizungusha macho ukutani kama mtu anayehakikisha asije akakosea nyumba.

"Shikamoo, mama. Natafuta watu wa Vidole Vidogo."

"Marahaba. Umefika, ni hapa hapa."

Bwana yule alishusha pumzi, lakini uso wake haukulegea. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Niliagiza siku ishirini na tatu zilizopita. Huyu alizaliwa na nyayo zimepinda kwa ndani. Wamemnyoosha kidogo kidogo kwa plasta, wiki baada ya wiki. Kesho asubuhi wanaitoa ya mwisho, na daktari amesema saa hiyo hiyo avikwe viatu maalumu vilivyounganishwa kwa chuma. Akikaa bila viatu, miguu itaanza kurudi ilikokuwa, na kazi yote ianze upya."

"Ulipata jibu?"

"Nilipata shukrani, kwamba ombi limepokelewa. Nikaandika tena, ikaja shukrani ile ile. Nikaandika mara ya tatu. Juzi nikafungua tovuti yenyewe, haipo. Nikajua tumeliwa." Alimhamisha mtoto bega la pili. "Jana muuguzi ndiye aliyeniambia, wa viatu hivyo namjua mmoja tu, Mama Soli wa Hatua Njema; huenda hao wa Vidole Vidogo ni yeye huyo. Tumepanda basi alfajiri."

Mama Soli aliketi mbele ya kompyuta. Nywila ya Vidole Vidogo aliikosea mara mbili, ya tatu ikakubali. Barua kumi na moja zilikuwa zimelala humo. Tatu zilikuwa za bwana huyu. Ya kwanza ilikuwa ya heshima na vipimo vyote vya nyayo, vilivyochukuliwa siku ya kubadilisha plasta. Ya pili ilikuwa ya wasiwasi. Ya tatu ilikuwa na sentensi moja: "Tafadhali niambieni hata kama hamwezi." Juu yake ulikuwepo ujumbe kutoka kwa kampuni ya usajili, ukisema muda wa jina hilo ulikwisha siku tisa nyuma na halikulipiwa tena.

Angeweza kulaumu mtandao. Watu huulaumu kila siku nao haujibu. Aligeuza kiti akamtazama baba wa mtoto machoni.

"Baba, kosa ni langu. Barua zako zilifika, sikuzisoma. Viatu havijaanzwa hata kukatwa."

Yule bwana hakupandisha sauti. Aliitazama miguu ya mwanawe. "Sasa tunafanyaje?" aliuliza.

"Leo karakana hii ina mteja mmoja tu."

Kimya alikuwa amekwisha kuondoa mezani kila kitu kingine. Mama Soli alichonga kalibu mbili ndogo kwa vipimo vya ile barua ya kwanza, kila moja ikienea ndani ya kiganja. Alichagua ngozi laini, akaikata bila kuharakisha, maana alijua haraka ndiyo iliyomfikisha hapo. Mtoto alilazwa juu ya mkunjo wa sponji, akalala usingizi wa watu wasio na habari.

Kilichobaki kuwatatiza kilikuwa kile chuma cha kuunganisha viatu. Fundi wa vyuma ambaye Mama Soli humtumia alikuwa safarini. Baba wa mtoto aliuliza, "Kinatakiwa kiwe vipi?" Akaonyeshwa mchoro: upana wa mabega ya mtoto, ncha zimeelekea nje, kingo ziwe laini zisimkwaruze. Akaukariri, akatoka. Alipiga hodi katika karakana ya madirisha ya chuma upande wa pili wa ua, akaazima mashine na miwani. Baada ya muda zikaonekana cheche dirishani. Alirudi na kipande kilichosuguliwa mpaka ukikipitisha shavuni husikii kitu.

Mama Soli alikigeuza mara mbili. "Miaka yote hii sijaletewa chuma kizuri kama hiki," alisema.

"Sijawahi kumfanyia mtoto wangu kitu," alijibu bwana yule, "zaidi ya kumbeba."

Jua lilipoanza kuinamia paa za jirani, viatu vilikuwa tayari.

Kesho yake Mama Soli aliwafuata hospitalini, mfukoni ana kisu na uzi, iwapo patahitajika kurekebisha. Plasta ilikatwa, ikatoka miguu miwili myembamba, imekunjamana kwa unyevu, imenyooka. Daktari alivisha kiatu cha kulia, kisha cha kushoto, akafunga chuma. Akapitisha kidole kisiginoni, akakagua, akasema, "Vimekaa." Mtoto alilia kwa hasira kama dakika kumi, akachoka, akanyonya, akalala. Mama yake aliushika mkono wa Mama Soli akaubana.

Profesa alipofika karakana wiki hiyo, alikuta karatasi yake yenye mishale imewekwa mezani.

"Dada, usiseme tunayafuta majina," alianza mapema. "Ukiliacha jina, mwingine atalichukua, na anayekutafuta ataangukia kwake."

"Sijasema nafuta. Vidole Vidogo na Mwendo Imara nimeyalipia tena. Ila nataka mtu akiandika jina lolote kati ya hayo, aletwe Hatua Njema. Tovuti moja, kisanduku kimoja. Hilo linawezekana au haliwezekani, Profesa?"

Profesa alikuna kidevu. "Linawezekana. Kusema kweli, hata siku ile lilikuwa linawezekana. Nilipenda tu zile rangi nne." Akainamisha kichwa. "Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe. Vuta kiti."

Profesa alifanya kazi hiyo nusu siku bila kutoa nasaha yoyote, jambo ambalo Kimya alilitaja kuwa muujiza. Jina la nne, Mbio, hawakulilipia tena, kwa sababu Mama Soli alikiri kwamba viatu vya wakimbiaji hakuwahi kuvipenda wala kuvielewa. Kisha akajibu barua zote zilizolala, moja baada ya nyingine, akiomba radhi bila kutafuta visingizio. Mmoja alimkaripia. Wawili walikuwa wamekwisha kwenda kwingine. Waliobaki walirudi.

Mwezi haukuisha, barua mbili zikaingia asubuhi moja katika kile kisanduku kimoja. Ya kwanza ilitoka lile duka la ghorofa mbili: lilitaka alishonee viatu vya kawaida kwa wingi, ajaze rafu nzima. Ya pili ilitoka kwa yule daktari: je, angeweza kufika kliniki kila Alhamisi, kwa kuwa watoto wenye miguu iliyopinda ni wengi na wazazi wao hawajui pa kuanzia?

Mama Soli alizisoma zote mara mbili. "Zote ni kazi nzuri," alisema.

Kimya aliacha kushona. "Una miguu mingapi?" aliuliza.

Mama Soli alicheka, akavuta kompyuta karibu. Duka aliliandikia jibu la shukrani na la kukataa. Daktari akamwandikia kwamba Alhamisi atafika mapema. Chai yake ilikuwa bado ya moto alipomaliza, na moyo wake haukuwa na kona hata moja iliyojuta, kwani alikwisha kuona kwa macho yake mwenyewe kwamba njia mbili zilimshinda fisi.